Kushusha Gari Si Kulitayarisha

Miongoni mwa mambo yanayozusha maneno katika nyumba zetu hapa London, gari la kijana lililoshushwa limekwisha kujipatia nafasi yake. Kijana hununua gari la spoti kwa fedha aliyoitolea jasho, na wiki ya pili utaliona limelala karibu na lami, matairi yamejificha chini ya madigadi. Baba husema huo ni uhuni. Mama huuliza litapitaje juu ya matuta ya mtaani. Naye kijana hujibu kwamba magari yote ya mashindano huwa hivyo. Kila mmoja wao amesema neno lenye chembe ya haki, wala hakuna aliyelimaliza.

Makala hii haikuandikwa kumkemea kijana wala kumcheka mzee. Imeandikwa kueleza, kwa lugha ya gereji na si ya darasani, tofauti iliyopo baina ya kushusha gari na kulitayarisha kwa kiwanja cha mbio. Kushusha ni kazi ya saa chache na spana mbili tatu. Kutayarisha ni kazi ya siku kadhaa, yenye kupima, kuandika, na kupima tena. Gari lililoshushwa bila kutayarishwa huweza kushika njia vibaya kuliko lilivyotoka kiwandani, na ubaya huo hauonekani likiwa limeegeshwa nje ya mlango. Huonekana katikati ya kona, wakati dereva hana tena la kufanya.

TULIKOTOKA, MAGARI YALIINULIWA

Wazee wanaosoma kurasa hizi hawakusahau mbio za Safari. Zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi jekundu na tope jeusi linalong'ang'ania tairi kama ugali wa moto. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alizishinda mara tatu: mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala ambaye aliondoka Uganda mwaka 1972 pamoja na maelfu waliofukuzwa, alizishinda mara tano: 1973, halafu miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Wote wawili walifariki dunia katika mji huu wa London, Mehta mwaka 2006 na Joginder mwaka 2013.

Ushindi wa Mehta wa 1973 ulipatikana kwa Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili ambalo lilikuwa limekwisha kushinda Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann. Gari la aina hiyo hiyo leo huonekana katika viwanja vya mbio vya Uingereza likiwa limeshushwa hata ngumi haipiti kati ya tairi na madigadi. Kule kwetu liliinuliwa, likatiwa springi zenye safari ndefu na bamba la chuma chini ya injini. Gari ni moja, njia ni mbili, na kila fundi alikuwa sahihi mahali pake.

Hilo ndilo somo la kwanza. Gari halishushwi kwa sababu kushuka ni kuzuri, wala haliinuliwi kwa sababu kuinuka ni kuzuri. Hutayarishwa kwa njia litakayopita. Mafundi wa Safari hawakuuliza gari litaonekanaje barazani. Waliuliza mito iko wapi, mawe yako wapi, na gurudumu litahitaji kupanda na kushuka sentimita ngapi.

FAIDA YA KUWA CHINI

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwa nini uzito ukae chini. Jahazi hutiwa farumi tumboni, si juu ya sitaha, kwa kuwa chombo chenye uzito juu hulala kwa upepo mdogo. Gari nalo likikata kona hutaka kulalia upande wa nje, na uzito huhama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Tairi la nje likielemewa kupita kiasi, na la ndani likabaki jepesi, jumla ya kushika kwao hupungua. Kwa hiyo tukishusha uzito, kuhama huko hupungua, na matairi manne hugawana kazi vizuri zaidi.

Lakini hebu tupige hesabu. Tuchukue gari la kilo 1,000, lenye sentimita 140 kati ya tairi la kushoto na la kulia, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 50 juu ya ardhi. Likikatwa kona kwa nguvu inayokaribia mwisho wa uwezo wa tairi zuri la barabarani, kilo 320 hivi huhamia upande wa nje, yaani takriban 160 kwa kila tairi la nje. Sasa tulishushe gari hilo kwa sentimita 4. Kilo zitakazohama zitakuwa karibu 295. Faida yetu yote ni nane kwa mia.

Nane kwa mia si kitu cha kutupwa, na katika mashindano watu hutafuta hata moja. Lakini mtu anayetafuta faida ya nane asije akaharibu ishirini njiani, na hapo ndipo wengi huharibikiwa.

HASARA ZINAZOKUJA NA KUSHUKA

Hasara ya kwanza ni nafasi ya gurudumu kupanda. Tuseme gari letu lilipotoka kiwandani lilikuwa na sentimita 8 kabla ya springi kubonyea hadi kwenye mpira wa kikomo, na springi yake hubonyea sentimita 1 kwa kila kilo 20. Zile kilo 160 za kona huimaliza nafasi yote, lakini huimaliza taratibu. Baada ya kushushwa sentimita 4, imebaki nafasi ya sentimita 4 tu, nayo hujaa kwa kilo 80. Kilo 80 nyingine zitakwenda wapi? Zitagonga mpira wa kikomo, na kuanzia hapo gari halina springi tena upande huo. Kikigonga cha mbele kwanza, gari hukataa kupinda na kwenda moja kwa moja. Kikigonga cha nyuma kwanza, mkia hutoka.

Kwa hiyo anayepunguza nafasi kwa nusu inambidi atie springi ngumu maradufu, au sehemu ya kazi hiyo aipe stabilaiza, ile fito inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale. Na hapo bado hatujahesabu bonde wala tuta lolote katika njia. Kukata springi kwa msumeno ndiyo njia mbaya kuliko zote. Springi iliyokatwa huwa ngumu kidogo tu, wakati nafasi imepungua sana. Ncha yake haikai sawa katika kikalio chake, na gurudumu likining'inia huweza kulegea na kutoka mahali pake.

Hasara ya pili imejificha zaidi. Magari mengi, na ile 240Z ikiwamo, hubebwa mbele na nguzo moja yenye springi na shokapu pamoja, na chini yake mkono unaoshika gurudumu. Kiwandani mkono huo huwekwa karibu na usawa, au ukiinamia gurudumu kidogo. Gari likishushwa sana, ncha ya mkono iliyo upande wa gurudumu huwa juu kuliko ile ya upande wa chasisi. Hapo kila gurudumu linapopanda, tairi huanza kusimama kwa ukingo wake wa nje badala ya kulalia ndani inavyotakiwa. Tena ile nukta ambayo bodi hulalia hushuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka, na gari huwa na hamu zaidi ya kulala kuliko kabla halijashushwa. Kijana hushangaa: gari liko chini, mbona linalala? Dawa yake ni kipande cha chuma kinachotiwa kati ya nguzo na boljointi ili kuurudisha mkono katika mlalo wake, au kulipandisha gari sentimita moja mbili na kumeza aibu.

Hasara ya tatu ni ya usukani. Tairodi na mkono wa chini hutakiwa kwenda pamoja kama makasia ya watu wawili. Zikiwa na milalo tofauti, kila tuta hupindua gurudumu kidogo bila dereva kugusa usukani. Barabarani utaona gari linatafutatafuta njia. Kwenye breki kali, kwa mwendo wa maili 100 kwa saa, jambo hilo si la mzaha.

SOMO LA HORNSEY

Kuna dhana kwamba gari la mbio lazima liwe gumu kama mkokoteni. Dhana hiyo ina jibu lake hapa hapa London. Colin Chapman alianzisha karakana ya Lotus mwaka 1952 huko Hornsey, katika banda la nyuma ya hoteli ya Railway, barabara ya Tottenham Lane, iliyokuwa ikiendeshwa na baba yake. Aina ya nguzo ya springi ya nyuma inayoitwa kwa jina lake ndiyo aina ambayo Datsun 240Z nayo imebebwa nyuma, hivyo gari lililoshinda Safari lilikuwa na ukoo kidogo na London Kaskazini. Gari lake la Elan, lililotoka mwaka 1962, lilisifiwa kwa kushika njia, na springi zake zilikuwa laini. Siri ilikuwa wepesi wa gari na shokapu zilizopimwa vyema.

Maana springi na shokapu hazifanyi kazi moja. Springi hubeba uzito na kuurudisha. Shokapu huituliza springi isiendelee kuchezacheza. Springi ngumu ikitiwa na shokapu ya zamani, gari huruka kama mpira, na tairi lililo hewani halishiki kitu. Gari zuri la kiwanjani ni gumu kadiri ya kutogonga kikomo, na si zaidi. Kila ugumu unaozidi hapo unanunua sura kwa kuuza mshiko.

UTARATIBU WA KAZI

Kazi ikifuata mpangilio huokoa fedha. Kwanza kagua bushi, boljointi, beringi na tairodi. Hakuna kipimo kitakachodumu juu ya bushi iliyokufa. Ni sawa na kupaka chokaa ukuta wenye ufa. Pili, chagua matairi, kwa kuwa kila kitu kingine hupimwa kwa ajili yake. Tatu, weka springi na shokapu zinazofaana, kisha weka kimo. Gari likiwa sakafuni, sukuma mkono wa chini kwa macho: ukiona umepinda juu kuelekea gurudumu, umeshuka kupita kiasi.

Nne, pima uzito wa kila pembe kwa mizani nne, dereva akiwa amekaa kitini au uzito wake umewekwa hapo, tangi likiwa nusu, na stabilaiza imefunguliwa. Hapa lengo ni mishazari miwili: mbele kushoto pamoja na nyuma kulia, na mbele kulia pamoja na nyuma kushoto. Katika gari la kilo 1,000 kila mshazari uwe karibu na 500. Gari ambalo mshazari mmoja una 540 na mwingine 460 ni kama kitanda chenye mguu mmoja mfupi. Litapinda vizuri kulia na vibaya kushoto, na dereva atadhani ni kosa lake. Kitanda hutiwa kijiti chini ya mguu. Gari huzungushwa nati ya springi kidogo kidogo.

Tano ni alaimenti. Kichwa cha tairi hulazwa ndani kidogo, jambo ambalo mafundi huliita kemba, ili gari likilala kwenye kona tairi la nje likanyage kwa upana wake wote. Kwa gari linalokwenda kiwanjani na kurudi nyumbani kwa matairi ya barabarani, digrii 2 hadi 2.5 mbele na pungufu kidogo nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukizidisha, utakula ukingo wa ndani wa tairi na breki zitashika kwa mbali. Matairi ya mbele yatazame sawa, au yaachane nje kwa kiasi kidogo mno. Ya nyuma yaelekeane ndani milimita moja au mbili, ili mkia utulie.

Shokapu za kurekebishwa ziachwe mwisho, na zirekebishwe kiwanjani. Anza na ulaini. Ongeza hatua moja, zunguka, andika. Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, kwa kuwa gari likibadilika hutajua ni lipi lililolibadilisha.

BRANDS HATCH KAMA MWALIMU

Vijana wengi wa London huanzia Brands Hatch, Kent, maili 20 hivi kutoka katikati ya mji. Grand Prix ya Uingereza ilifanyika hapo mara 12 kati ya 1964 na 1986. Njia fupi ina maili 1.2 tu, lakini imejaa mafunzo. Mara baada ya mstari wa kuanzia iko kona ya Paddock Hill, inayopinda kulia huku ardhi ikikuangukia chini ya gari, na bondeni mwake njia hugeuka ghafla kupanda kilima kwenda Druids. Hapo chini, gari likiwa bado limelala kwa kona, bonde hulibonyeza tena. Mahali hapo hutoa hukumu kwa kila gari lililoshushwa: lenye nafasi ya springi hupita limetulia, lisilo na nafasi hugonga kikomo na kuruka upande kuelekea changarawe.

Ukitoka njiani, pima upepo wa matairi yakiwa bado ya moto. Upepo wa pauni 28 asubuhi waweza kufika 34 baada ya mizunguko michache, hivyo kipimo cha maana ni cha moto, si cha baridi. Pima na joto la tairi mahali patatu. Katikati pakiwa na joto kuliko kingo, upepo umezidi. Ukingo wa nje ukiwa na joto kuliko wa ndani, kemba haitoshi. Wa ndani ukizidi kidogo, umefika. Mvua ikinyesha, nayo Uingereza haichelewi, legeza stabilaiza na shokapu, maana gari gumu halina huruma juu ya lami iliyolowa.

Siku ya kiwanja si mashindano. Hutakiwa leseni na kofia ngumu, mawaidha husikilizwa asubuhi, hupiti mtu ila mahali palipoidhinishwa, na kiwanja hupima kelele za bomba. Mafuta ya breki yabadilishwe kabla, kwani yaliyonyonya unyevu huchemka, na kanyagio hushuka hadi sakafuni.

KURUDI NYUMBANI

Gari hilo hilo litarudi mtaani, na mtaa una sheria zake. Kanuni za mwaka 1999 huruhusu matuta ya barabarani ya Uingereza na Wales kufika milimita 100. Ndiyo jawabu la swali la mama, na kijana apime chini ya gari lake kabla ya kumjibu. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kuhusu springi na kila kilichobadilishwa. Bima isiyoambiwa huweza kukataa kulipa, na hapo deni hulihusu kaya zima. Aghalabu bima ya barabarani haigusi ajali ya kiwanjani, hivyo iulizwe mapema. Tangu mwaka 2018 gari lililozidi miaka 40, lisilobadilishwa kwa kiasi kikubwa, limesamehewa ukaguzi wa kila mwaka. Msamaha huo haubadilishi bushi zilizokufa. Mwenye gari la zamani alipeleke likaguliwe kwa hiari.

Ndugu zetu wazazi, marufuku peke yake haijawahi kumtoa kijana katika usukani. Humtoa tu mbele ya macho yenu, akaenda kujaribu gari lake usiku katika barabara ya wazi, ambako hakuna bendera, hakuna changarawe wala gari la wagonjwa linalosubiri, na anayekuja mbele yake ni mtu anayetoka kazini. Gharama ya siku moja ya kiwanja na ya fundi wa alaimenti ni ndogo ikilinganishwa na hiyo. Mwambieni kijana awaonyeshe daftari lake: kimo, uzito wa pembe nne, kemba, upepo wa asubuhi na wa moto. Akiwa na daftari, mfuateni Brands Hatch, mkae na chupa ya chai juu ya kilima cha Paddock, mshike kipima upepo anapoingia. Asipokuwa na daftari, gari lake bado halijatayarishwa. Limeshushwa tu, na halijawa tayari kwenda mbio popote.